Fundi wa SAR za Tumati na mafuta aliyoyanyamazia

Saa moja na robo asubuhi. Ukungu wa Tumati bado umekaa juu ya bati za ofisi ya askari wa wanyamapori wa vijiji, na Baltazar Sulle ameinamia kipande cha kioo cha dirisha kama mtu anayesoma barua ya posa.

Kioo kimeegemezwa ukutani tangu jana jioni. Juu yake, kwenye mstari mmoja, alidondosha matone sita ya mafuta ya aina sita. Sasa anapima kwa rula ya shule kila tone limeteremka kiasi gani kwenye baridi ya huku juu. La mafuta ya cherehani limefika chini kabisa. La oili ya injini limeishia katikati. Grisi haijatikisika, imekaa pale pale kama mgeni aliyenogewa na chai.

"Hii grisi ni mvivu," anasema, akifuta rula kwa kitambaa. "Mvivu hafai ndani ya bunduki. Kwenye mkokoteni sawa, atafaa."

Baltazar ana miaka 59 na ni fundi silaha wa askari hao wanaolinda mapori ya vijiji katika Wilaya ya Mbulu. Ghala lake lina bunduki kumi na moja aina ya SAR, zile za nusu otomatiki. Saba ziko hapa Tumati na nne ziko bondeni, Yaeda Chini. Kwa kuzitunza analipwa Sh280,000 kwa mwezi, na mwisho wa mwezi huu anastaafu.

Kazi yake, ukimsikiliza, si bunduki hasa. Ni mafuta.

SAR si gobole. Ukivuta kifyatulio inatoa risasi moja, kisha yenyewe inatupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Vyuma vyake vinakwenda na kurudi kwa kasi isiyoonekana kwa jicho. Vyuma hivyo vikikosa mafuta, vinashika kutu. Vikizidishiwa, vinashika vumbi. Kati ya hayo mawili ndipo fundi anapokula mshahara wake.

"Tumati kuna ukungu na mvua, adui ni kutu," anaeleza. "Yaeda Chini kuna vumbi la magadi, adui ni matope. Ukiipaka bunduki ya bondeni kama ya huku, baada ya siku mbili umeipikia uji ndani."

Kwenye dirisha la ofisi kuna misumari kumi na miwili iliyochomekwa kwenye kopo la udongo mweupe wa Yaeda. Kila jozi ilipakwa mafuta yake wiki tatu zilizopita. Huo ni mtihani wa kutu. Ule wa kioo ni wa baridi. Yote miwili hakuibuni yeye, anasema, na hapo sauti yake inabadilika kidogo, kama ya mtu aliyepita mbele ya nyumba aliyozaliwa.

Aliyemfundisha alikuwa Sajenti Mwita, Mkurya mwenye vidole vinene ambaye Baltazar alimkuta jeshini mwaka 1987. Chumba chao cha silaha kilikuwa na meza moja ndefu ya mninga. Kila bunduki ilikuja na kikopo chake cha kijani chenye midomo miwili, mmoja wa dawa ya kusafishia na mwingine wa mafuta. Mwita akikunusa mkono alijua umefungua mdomo upi.

"Alikuwa anasema, bunduki hainywi mafuta, inanusa tu," anakumbuka Baltazar, akicheka peke yake. "Ukizidisha tone, unafungua bunduki nzima, unaifuta, unaanza upya. Mimi nilianza upya siku kumi na moja mfululizo. Mzee yule hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja. Anakaa tu, anavuta kiti chake, anakungoja."

Harufu ile ya mafuta ya kikopo cha kijani, anasema, hajaikuta tena popote. Siku nyingine akipita karibu na duka la vipuri pale Mbulu mjini anasimama mlangoni, anavuta pumzi, halafu anaendelea na safari zake. Wenye duka wamemzoea. Hawamuulizi tena anataka nini.

Mwita alifariki miaka mingi iliyopita. Baltazar alitoka jeshini, akarudi kwao Tumati kulima ngano na maharage na kufuga ng'ombe wawili watatu. Vijiji vilipounganisha mapori yao na kupewa silaha, wazee wakauliza ni nani anazijua. Jibu lilikuwa moja tu.

Mtu wa kwanza kumpokea bondeni alikuwa Tomaso Tluway.

Tomaso alikuwa askari wa kituo cha Yaeda Chini, mwembamba, mtani, mwenye masikio yaliyomshangaza hata fundi mwenyewe. Alikuwa na uwezo wa kugeuza mgongo, akasikiliza mwenzake anakoki bunduki, akataja namba yake. Kila Alhamisi ya pili ya mwezi Baltazar aliteremka na pikipiki, saa tatu za mawe na makorongo ikiwa njia ni kavu, na wawili hao walitandika turubai chini, wakafungua bunduki nne, wakazifuta, wakazifunga.

"Anakuwa ameniwekea asali kwenye kidumu," anasema Baltazar. "Nami nampelekea maharage ya huku. Tunakula, tunafuta, tunabishana. Yeye anasema huku juu sisi tunaishi ndani ya friji. Mimi namwambia ninyi mnaishi ndani ya kibiriti. Zile Alhamisi, nikwambie ukweli, nazililia."

Siku hizi zamu hiyo ya Alhamisi inafanywa na Ludovika Xavery, askari mwenye miaka 34 ambaye ndiye atakayepokea ghala. Baltazar mwenyewe hajakanyaga Yaeda Chini kwa miaka minne. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia mgongo. Mgongo wake ni mzima kabisa. Juzi nilimwona akishusha gunia la mbegu.

Sababu yenyewe aliisema hadharani Alhamisi iliyopita, mbele ya kamati ya askari hao. Ili msomaji aielewe, inabidi kwanza aijue mikono ya mama yake.

Katika nyumba nyingi za Wairaqw, kabila la huku, kitu kinachopendwa hupakwa mafuta. Mama yake Baltazar alikuwa akiyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo kwenye chungu, anayachuja, anayahifadhi kwenye kibuyu. Aliyapaka mtoto mchanga, ngozi ya kulalia, mpini wa jembe, fimbo ya mumewe. Siku Baltazar anaondoka kwenda jeshini, mama alimkalisha kwenye kigoda akampaka kichwa, shingo na mikono mpaka akang'aa kama sufuria jipya.

"Nilipanda basi nanuka kondoo," anasema. "Wenzangu walicheka njia nzima. Leo ningelipa hela nipate mtu wa kunipaka vile tena."

Miaka sita iliyopita mafuta ya bunduki yalikwisha ghalani. Barua ya kuomba mengine ilizunguka kwenye meza za watu, na masika hayasubiri barua. Kila asubuhi Baltazar alikuta vidoa vya rangi ya chungwa kwenye mitutu. Alivumilia wiki mbili. Ya tatu akachinja kondoo, akayeyusha mkia kama alivyoona nyumbani, akachanganya na grisi kidogo, akazipaka bunduki zote kumi na moja, nje na ndani, kwa moyo wote.

Zikang'aa. Masika yakapita, na mengine yakapita, kutu haikuonekana. Mgeni mmoja mwenye cheo alikuja kukagua, akapitisha kitambaa cheupe kwenye mtutu, akamsifu fundi mbele ya watu. Mcheza kwao hutuzwa. Baltazar alipewa blanketi.

Lakini katika kundi lile la bunduki zilizong'aa zilikuwemo nne za Yaeda Chini, zilizokuwa zimeletwa juu kupakwa kisha zikarudishwa.

Kwenye SAR kuna pini nyembamba inayogonga risasi. Pini hiyo haina springi ya kuirudisha. Imeachwa huru ndani ya tundu lake, iende na kurudi yenyewe. Ndiyo maana tundu lile halitakiwi kuwa na mafuta mazito hata chembe. Mafuta ya kondoo yakiingia humo, mahali ambapo usafi wa Alhamisi haukufika, yakaganda kwa baridi za Tumati, kisha yakapelekwa bondeni yakalishwa vumbi la magadi miezi kadhaa, yanakuwa kama ugali uliolala. Pini inakwama ikiwa imechomoza mbele. Hapo mtu akiachia bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, bunduki inajipiga yenyewe, bila kidole cha mtu.

Ilikuwa mchana wa Agosti, miaka minne iliyopita. Tembo walikuwa wameingia kwenye mahindi, na Tomaso alitaka kupiga hewani kuwafukuza. Alielekeza mtutu chini kama kanuni inavyosema, akakoki, yaani akavuta bolti na kuiachia. Bunduki ikalia. Risasi ikachukua vidole viwili vya mguu wake wa kushoto.

"Sikugusa triga," alisema palepale, na aliendelea kusema hivyo hospitalini. Kamati haikumwamini. Taarifa iliandikwa kwamba askari alifyatua kwa uzembe. Tomaso akaondolewa kazini.

Bunduki ililetwa Tumati kwa Baltazar ikaguliwe, pamoja na zile tatu nyingine za bondeni. Aliifungua peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Alikuta pini imeganda kwenye mafuta yake mwenyewe, na harufu ya kondoo ikampanda puani.

"Niliijua mara moja," anasema. Anaangalia pembeni. "Nikaisafisha. Nikazifungua zote kumi na moja, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, siku tatu. Halafu nikaandika kwenye fomu kwamba silaha ni nzima. Haikuwa uongo, si ilikuwa nzima tayari? Nilijiambia hivyo. Mtu anaweza kujiambia chochote."

Aliyeambiwa ni mmoja tu, mkewe Fausta, mzaliwa wa Mogitu kule Hanang, mwanamke wa maneno machache na yenye uzito. Fausta hakumlaumu, ila hakumpa nafasi ya kusahau pia.

"Kila mwaka Agosti ikifika namuuliza," anasema Fausta, akipepeta maharage uani. "Baba Gaudensia, umeshakwenda Yaeda? Hajakwenda. Nami namwambia, mficha maradhi, kilio humuumbua. Juzi nilipoona anastaafu nikamuuliza swali la mwisho. Utakwenda nalo hilo mpaka kaburini? Au utaniachia mimi nikamwambie Tomaso?"

Kwa hiyo alikwenda kwenye kikao cha Alhamisi akiwa na kioo chake na kopo lake la misumari. Ajenda ilikuwa fupi: kamati ilitaka kununua mafuta ya mwaka mzima. Mapendekezo yalikuwa kununua grisi nzito ya aina moja kwa bunduki zote, za juu na za bondeni, kwa sababu mwezi uliopita mjumbe mmoja alikuta kutu kwenye bunduki ya Tumati.

Baltazar akaeleza kwa utaratibu. Huku juu, mafuta mepesi kama ya cherehani, tone moja kwenye njia ya bolti, na kitambaa chenye mafuta kwa nje kila siku ya mvua. Bondeni, ndani iwe kavu kabisa ila unga wa grafiti, ule mweusi wa kwenye penseli, na nje mafuta yapakwe kisha yafutwe mpaka kidole kisiache alama. Bomba la gesi, lile linalopitisha moshi wa risasi, na tundu la pini visiguswe na mafuta popote pale. Akaonyesha matone. Akaonyesha misumari.

Wajumbe walitazama. Mwenyekiti wa kamati, Kasian Agustino, mkulima mwenye heshima yake na sauti ya kanisani, akatabasamu.

"Mzee Sulle, wewe tunakuheshimu," alisema. "Lakini bunduki kavu ni bunduki iliyotelekezwa. Si wewe mwenyewe ulizipaka mafuta ya kondoo zikang'aa, tukasifiwa wilaya nzima? Mbona hukuzungumza habari ya penseli siku ile?"

Watu wakacheka. Ludovika, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, anasema alimwona mzee akiweka kioo chini taratibu, kama mtu anayetua mzigo kichwani bila msaidizi.

"Nikawaza, amekasirika," anasimulia Ludovika. "Kumbe hapana."

Baltazar alisimama. Alivua kofia. Akasema hivi, kwa maneno ambayo katibu aliyaandika kama yalivyo: "Mafuta yale ndiyo yaliyomkata Tomaso vidole. Nilikuta pini imekwama kwenye mafuta yangu. Tomaso hakugusa triga. Mimi nilijua tangu siku ya pili, nikanyamaza. Nawaomba msinunue grisi. Na nawaomba msamaha, ingawa wa kuombwa kwanza hayupo hapa."

Hakuna aliyecheka tena. Kasian aliuliza swali moja tu, polepole, kwa Kiiraqw, kama Tomaso alifukuzwa yeye akijua, na Baltazar akajibu ndiyo. Mjumbe mmoja alitoka nje. Mwenyekiti akasema kikao kitaamua mambo mawili, la mafuta na la mtu.

La mafuta lilipita kama fundi alivyoomba. La mtu lilichukua muda zaidi. Kamati iliamua taarifa ya uzembe ifutwe na Tomaso aandikiwe barua. Sherehe ya kumuaga Baltazar, iliyokuwa imeshachangiwa shuka na mtamba, ikaahirishwa bila kutajwa tarehe. Kwa lugha ya vikao, huko ni kufutwa.

"Ni haki," anasema Baltazar. "Miaka kumi na minane nimefanya kazi hii, nilitamani kuagwa. Sitakuficha, nilitamani sana. Fausta alishashona gauni. Lakini ungekula vipi nyama ya sherehe ile?"

Ludovika naye hakumaliza hasira zake siku ile. "Nilimwambia, shikamoo, akaitika marahaba, nikaondoka," anasema. "Huyu ndiye amenifundisha kila kitu. Tomaso naye ni kama kaka yangu. Jumatatu nilirudi kazini, nikamkuta ameniandikia karatasi ya kila bunduki, mafuta gani, matone mangapi. Nikakaa, tukaanza kufuta. Nitamwelewa mbele ya safari."

Jumamosi, bila kusubiri barua ya kamati, Baltazar alipanda pikipiki na kuteremka Yaeda Chini.

Njia ilikuwa ile ile. Alipofika kwenye kona ambapo bonde lote linafunguka, jeupe, na ukingo wa ziwa unaocheza kwa joto, alisimama akazima injini. Hapo ndipo zamani alikuwa akipiga honi mara mbili ili Tomaso aweke chai jikoni. Anasema mkono ulikwenda kwenye honi wenyewe, akaurudisha.

Alimkuta Tomaso kwenye boma lake, anafunga kamba kwenye mzinga. Anachechemea, lakini si sana. Ana mizinga ishirini sasa na mbuzi wa kutosha. Walisalimiana kama watu waliokutana gulioni. Mke wa Tomaso akaleta maji. Baltazar hakuyanywa kwanza. Alisema yote, akiwa amesimama, kuanzia kondoo hadi fomu.

Tomaso alimsikiliza hadi mwisho, akiendelea kusokota kamba.

"Nilijua," akasema.

Baltazar alidhani hakusikia vizuri.

"Nilisikia kabla haijalia. Pini haikurudi. Wewe unanijua masikio yangu, mzee." Tomaso aliweka mzinga chini. "Na ile harufu, nani asiyeijua? Nilipotoka hospitali nilisema moyoni, Baltazar ataifungua, ataona, atasema. Mimi nikisema, nani angenisikiliza? Nikakungoja. Alhamisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwaka wa kwanza nilikuwekea asali kila mwezi. Halafu nikaacha."

Baltazar anapofika hapa kwenye simulizi anatoa kitambaa, kile kile cha kufutia mitutu, anajifuta macho nacho, na anabaki na mstari mweusi shavuni ambao hakuna anayemwambia.

Alimwomba Tomaso arudi kazini. Ludovika anahitaji mtu mwenye masikio, alisema, na kamati haitakataa sasa. Tomaso akakataa. Bunduki hataki kuishika tena maisha yake yote. Fidia? Alitikisa kichwa. Kulikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka, na alikisema akitazama watoto wake watatu waliokuwa wakinywesha mbuzi.

"Hawa wanachekwa shuleni," alisema. "Wanaambiwa baba yenu alijipiga risasi mwenyewe. Barua ya kamati nitaiweka ndani, lakini mtoto hasomi barua ya kamati. Njoo wewe. Njoo Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje, uwaambie kama ulivyoniambia mimi."

Baltazar alikubali. Jumapili waliyoichagua ni ya kwanza baada ya kukabidhi funguo za ghala, kwa hiyo atakwenda akiwa mkulima tu, bila sare na bila cheo. Fausta amesema watakwenda wote wawili, na lile gauni la sherehe atalivaa siku hiyo.

Mipango mingine ya kustaafu anayo. Anataka kupanda vitunguu saumu kwenye kiploti cha juu, na Ludovika amemwomba awe anapita ghalani kila Jumatano kuangalia misumari. Lakini hayo anayataja harakaharaka, kama mtu anayehesabu mabegi huku basi linaondoka.

"Nimeshafikiria nitakavyosema," anasema. "Sitaanza na watu wazima. Nitaanza na yule mtoto mdogo wa Tomaso. Alizaliwa mwaka ule ule. Ndugu zake walimjua baba yao kabla ya Agosti ile. Yeye tangu apate akili amesikia kwamba baba yake ni mzembe, na mimi nilikuwa hapa juu, saa tatu tu kwa pikipiki."